Gia Inagoma: Pa Kuanzia Kabla Hujashusha Giaboksi

Kushusha giaboksi ni kazi ya nusu siku hadi siku nzima, na nyingi hushushwa bure. Gia zinakataa kuingia, mwenye gari anaambiwa giaboksi imekufa, inashushwa, inafunguliwa, kumbe ubovu ulikuwa kwenye bushi ya plastiki isiyozidi ukubwa wa kidole gumba, au sili ya masta ya klachi (mpira wa kuzuia mafuta kwenye pampu inayosukumwa na pedali), au zulia la miguuni lililojikunja chini ya pedali. Kwa hiyo hapa tunaanzia nje, na ndani tunaingia tukiwa na ushahidi mkononi.

Ili gia iingie, mambo matatu lazima yakubaliane. Klachi itenganishe injini na giaboksi, si nusu bali kabisa. Nyaya au vyuma vya mkono wa gia vifikishe mwendo wa mkono wako kwenye giaboksi bila kupungua njiani. Halafu huko ndani, sinkronaiza (pete za msuguano) na oili vilinganishe kasi ya gia na kasi ya shafti kabla meno hayajashikana. Likikosekana lolote, dereva anahisi kitu kilekile: mkono unagonga ukuta, au anasikia krrr. Ndiyo maana kubahatisha kwa dalili peke yake hupoteza watu.

Zima injini, kisha jaribu

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini, kanyaga klachi hadi chini, pitisha gia zote moja moja pamoja na rivasi. Kisha washa injini urudie vilevile. Jaribio hili ni la dakika mbili, na ndilo linaloamua uende upande gani.

Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, kisha zikagoma au kukwaruza ikiwashwa, mshukiwa ni klachi: haiachii. Zikiwa ngumu hali zote mbili, iache klachi kwanza, nenda kwenye nyaya, mkono wa gia na oili. Zikiingia vizuri zote gari likiwa limesimama, hata injini ikiwaka, ila gia moja au mbili zinakwaruza ukiwa kwenye mwendo, hapo ndipo sinkronaiza inapoingia kwenye mashaka.

Angalizo moja. Injini ikiwa imezimwa, gia inaweza kugoma kwa sababu tu ncha za meno zimekutana uso kwa uso. Huo si ubovu. Rudisha nyutro, achia breki ya mkono, sukuma gari kama sentimita kumi, jaribu tena.

Klachi isiyoachia

Hili ndilo kosa linalosingizia giaboksi kuliko yote, kwa hiyo tulithibitishe vizuri.

Injini ikiwaka na gari limesimama kabisa, kanyaga klachi hadi chini, hesabu sekunde kumi, ndipo uingize rivasi. Kwenye magari mengi rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haina cha kuficha. Shafti inayoingia kwenye giaboksi, ikiwa kweli imeachwa huru, inatakiwa iwe imesimama ndani ya sekunde hizo. Rivasi ikikwaruza, kuna kitu bado kinaizungusha. Ukitaka kuhakikisha zaidi, tafuta uwanja tambarare usio na mtu wala kitu karibu, ingiza gia ya kwanza, endelea kukandamiza klachi, achia breki ya mkono huku mguu wa kulia ukiwa tayari juu ya pedali ya breki, kisha gusa mafuta kidogo. Gari likijivuta huku klachi imekandamizwa, umeshapata jibu.

Sasa fuata njia ya nguvu kutoka mguuni hadi kwenye sahani ya klachi, bila kuruka hatua.

Anza na zulia. Litoe kabisa, kanyaga tena. Kisha pima mlegezo wa pedali, yaani safari ya juu kabisa ambayo kidole kinaisukuma bila uzito: simamisha rula pembeni ya pedali, sukuma kwa kidole mpaka uhisi inagusa kitu, soma. Kwa klachi ya waya, magari mengi yanataka milimita 10 hadi 25. Kwa ya hidroliki huwa ni kidogo zaidi, mara nyingi 5 hadi 15. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Mlegezo ukizidi, sehemu ya safari ya mguu inaishia hewani na klachi haifunguki yote. Ukikosekana kabisa, tatizo linageuka upande wa pili: beringi ya klachi inasukuma muda wote, na klachi inaanza kuteleza.

Klachi ya waya haina siri nyingi. Pedali ikizidi kuwa nzito wiki hadi wiki, waya unakatika uzi mmoja mmoja ndani ya ganda lake, au umekauka. Usiupake grisi ukidhani umepona, badilisha. Kuna kosa jingine linalosahaulika: bati linaloshikilia mwisho wa ganda la waya, pale unapopenya kutoka ndani ya gari kwenda kwenye injini, linapasuka. Mwambie mtu akanyage klachi huku ukimulika hapo kwa tochi. Bati likijongea, utakaza nati ya kurekebishia mpaka iishe bila faida.

Klachi ya hidroliki inahitaji uchunguzi zaidi. Angalia kikopo cha mafuta ya klachi, ambayo ni mafuta ya breki (magari mengine yanatumia kikopo kimoja na breki). Mafuta yakipungua, yamevuja, kwa sababu mfumo huu hauli mafuta. Pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta, ndani ya gari, juu ya miguu. Pakiwa na unyevu, sili ya masta imekwisha. Kisha nenda kwenye slevu (silinda ya chini inayofungua klachi) ubavuni mwa giaboksi, funua mpira wake wa vumbi. Ukikuta majimaji ndani ya mpira, slevu imekwisha, hata kama nje panaonekana pakavu.

Pasipokuwa na uvujaji, kanyaga pedali haraka mara tatu au nne mfululizo kisha jaribu gia. Zikiingia vizuri kuliko mwanzo, kuna upepo kwenye mfumo, au sili ya masta inapitisha mafuta kwa ndani. Kutofautisha si kazi: upepo hufanya pedali iwe laini kama sponji tangu mwanzo wa kukanyaga. Sili inayopitisha hujionyesha ukishikilia. Ingiza gia ya kwanza, kandamiza klachi bila kuiachia kwa dakika moja, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki. Gari likitulia mwanzoni kisha likaanza kujivuta taratibu, mafuta yanarudi nyuma ya sili na klachi inajifunga yenyewe.

Halafu kuna kipimo kimoja ambacho wengi hukiruka na ndicho kingewaokoa. Mtu akanyage pedali hadi chini, wewe upime kwa rula safari ya fimbo ya slevu. Kwenye magari madogo mengi fimbo hutembea karibu milimita 10 hadi 15. Ikitembea kidogo, tatizo liko kwenye hidroliki, na hakuna sababu yoyote ya kushusha giaboksi. Ikitembea vizuri na klachi bado haiachii, tatizo liko ndani ya nyumba ya klachi. Angalia pia bomba la mpira wakati pedali inakanyagwa: likivimba kama mshipa, nguvu inaishia humo.

Magari ya siku hizi mengi yana slevu ya mviringo iliyozunguka shafti ndani ya nyumba ya klachi, ambayo huwezi kuiona wala kuipima. Dalili yake ni kikopo kinachopungua huku mafuta ya breki yakidondoka kwenye maungio ya injini na giaboksi. Hiyo lazima giaboksi ishuke.

Kutoa upepo kwa watu wawili:

1. Funika rangi ya gari kwa kitambaa chenye maji, maana mafuta ya breki yanabandua rangi. Jaza kikopo mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4.
2. Safisha nipo ya slevu (skrubu ndogo ya kutolea upepo), vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.
3. Msaidizi akanyage pedali taratibu hadi chini na aishikilie hapo.
4. Fungua nipo nusu duru, mafuta na mapovu yatoke, funga. Baada ya kufunga, ndipo msaidizi aiachie pedali. Mkikosea mpangilio huu, mnavuta hewa mpya ndani.
5. Rudia hadi mapovu yaishe. Angalia kikopo kila baada ya mara nne au tano, kisikauke.

Pedali ya klachi yenye upepo mara nyingi hairudi yenyewe; msaidizi aivute kwa mguu au mkono. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana usiitumie, na mafuta yaliyomo kwenye mfumo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Usithubutu kuongeza oili ya injini au ya usukani kwenye kikopo hicho. Mipira yote ya ndani itavimba, na utabadilisha masta, slevu na bomba kwa mpigo mmoja.

Tukifika ndani ya nyumba ya klachi, historia ya gari inasema zaidi kuliko vipimo. Gari limekaa miezi kadhaa kwenye unyevu, leo linawaka lakini gia haziingii kabisa: sahani imeshikana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu. Limetoka kubadilishwa klachi jana na gia zinakwaruza: sahani imewekwa kinyume (upande wa flaiwili huwa umeandikwa), au kitovu chake kimepinda kwa sababu giaboksi iliachwa ining'inie juu yake wakati wa kupandishwa, au tu upepo haukutolewa vizuri. Klachi iliyozidi kuwa mbaya polepole kwa miaka: uma wa klachi umelika pale unapoegemea, au meno ya shafti yana kutu na sahani haiwezi kuteleza nyuma. Na kwa magari yenye beringi ndogo katikati ya flaiwili, hasa yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, beringi hiyo ikiganda inaizungusha shafti hata kama klachi imefunguka vizuri kabisa. Hiyo ya mwisho hudanganya hata mafundi, kwa sababu kila kipimo cha nje kinasema klachi ni nzima.

Mkono wa gia, nyaya na bushi

Gia zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, au mkono umelegea unacheza huku na huku, fungua boneti. Mtu mmoja apitishe gia ndani, mwingine aangalie vishikio viwili vilivyo juu au ubavuni mwa giaboksi. Kimoja kinachagua safu (kushoto na kulia), kingine kinaingiza (mbele na nyuma). Mkono ukisogea kwanza na kishikio kikafuata kwa kuchelewa, pengo liko kwenye bushi. Mkono ukisogea na kishikio kisisogee, waya umechomoka kwenye kichwa chake.

Mpangilio wa gia zilizokosekana nao unazungumza. Zote za mbele ya mkono, yaani 1, 3 na 5, zinaingia vizuri, lakini 2 na 4 zinaingia nusu au hazishiki: waya wa kuingiza hauko sawa, au kitu kinauzuia mkono kurudi nyuma, kama ngozi ya mkono wa gia iliyokakamaa au redio iliyofungwa vibaya. Safu nzima imepotea, mathalani 1 na 2 hupati kamwe na badala yake unaangukia 3: waya wa kuchagua safu. Ni nadra giaboksi kuvunjika gia mbili za safu moja kwa ustaarabu namna hiyo. Gia moja tu inayosumbua huku jirani yake ni nzima, hapo ndipo ubovu wa ndani unapowezekana.

Ondoa nyaya kwenye vishikio, sogeza vishikio kwa mkono moja kwa moja. Vikienda laini, vikigonga kila gia kwa mlio mdogo wa tak, giaboksi ni nzima na ugumu wote ulikuwa kwenye nyaya au chini ya mkono. Jaribio hili la dakika kumi limeokoa giaboksi nyingi. Nyaya zenyewe zikishikwa mkononi zinatakiwa ziteleze bila kukwama. Zilizoyeyuka kwa kugusa bomba la moshi hujikunja kiganda na kukaza gia injini ikipata moto tu.

Kurekebisha nyaya hutofautiana gari kwa gari, lakini wazo ni moja: giaboksi iwe nyutro, mkono ndani ufungwe katikati (mengi yana tundu la kupitishia pini au biti ya drili), ndipo kichwa cha waya kibanwe. Ukibana waya huku mkono umeegemea upande mmoja, umehamisha tatizo kutoka gia moja kwenda nyingine.

Inakwaruza barabarani tu

Sinkronaiza ni pete, mara nyingi ya shaba ya njano, yenye mifereji myembamba kwa ndani. Mkono ukisukumwa, pete hubanwa kwenye koni ya gia, msuguano unapunguza au kuongeza kasi ya gia mpaka ilingane na shafti, kisha meno yanapita kimya. Mifereji ikilika, pete huteleza juu ya oili badala ya kushika.

Kwa nini gia ya pili hulika kabla ya nyingine? Chukua giaboksi ambayo uwiano wa gia ya kwanza ni 3.5 na wa ya pili ni 1.9. Ukibadilisha kwa mizunguko 4,000 kwa dakika, shafti lazima ishuke hadi karibu 2,170, yaani zaidi ya mizunguko 1,800 imalizwe na pete moja ndani ya nusu sekunde. Kutoka ya nne yenye 1.0 kwenda ya tano yenye 0.8 kwa mizunguko 3,000, tofauti ni 600 tu. Na mazoea ya kupangua kutoka ya tatu kwenda ya pili gari likiwa bado lina kasi yanaipiga pete ileile tena.

Kuthibitisha, tumia klachi mara mbili. Ukipandisha gia: kanyaga klachi, toa hadi nyutro, achia klachi, subiri kidogo injini ishuke, kanyaga tena, ingiza. Ukipangua: fanya vivyo hivyo, ila ukiwa nyutro na klachi imeachiwa gusa mafuta ili injini ipande. Krrr ikitoweka kabisa, klachi ni nzima na pete ndiyo imelika. Ikiendelea vilevile, rudi kwenye majaribio ya klachi, au meno ya kushikia yenyewe yameshavunjika ncha.

Kabla ya kukata shauri, kagua oili. Kukwaruza kwa gia mbili tatu kulikoanza baada ya kubadilisha oili ni kosa la oili mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Oili

Ngazi ya GL-5 si "bora" kuliko GL-4, ingawa namba inavutia. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu za meno yanayoteleza kwa shinikizo kubwa. Viungo vyake vya salfa na fosforasi ni vingi zaidi, aina nyingine hushambulia shaba, na utelezi wake unainyima pete msuguano inaouhitaji. Giaboksi nyingi za kawaida zinataka GL-4, uzito wa 75W-90, 75W-80 au 80W-90. Nyingine zimetengenezwa kutumia oili nyepesi kabisa, hata ATF (oili ya giaboksi za otomatiki). Ukiiwekea giaboksi ya aina hiyo 80W-90, gia ya kwanza na ya pili zitakuwa ngumu asubuhi na kulainika baada ya dakika kumi za kuendesha. Hali hiyo, ngumu kwenye baridi na laini kwenye moto, karibu kila mara ni uzito wa oili.

Kubadilisha: endesha gari kidogo oili ipate vuguvugu, liinue likae sawa kwenye stendi nne, si jeki. Fungua plagi ya kujazia kwanza. Kwanza kabisa. Ukimwaga oili halafu plagi ya juu ikagoma, una gari lisiloweza kwenda popote. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Giaboksi nyingi za magari madogo huchukua lita 1.5 hadi 3.

Soma kilichotoka. Tope la kijivu laini kwenye sumaku ya plagi ni la kawaida. Mng'ao wa dhahabu ndani ya oili ukiimulika juani ni shaba ya pete za sinkronaiza; kidogo ni uzee, mwingi ni hukumu. Vipande vinavyoshikika kwa kucha, hasa vyenye umbo la jino, havitaki mjadala: gari lisiendeshwe tena.

Inachomoka yenyewe

Gia inayorudi nyutro unapoachia mafuta au kwenye mteremko haikuingia yote, au imeingia na haikushikwa. Anza na la kwanza, maana ni rahisi: bushi na waya visivyofikisha mkono mwisho, au ngozi na plastiki zinazousukuma mkono kurudi. Kisha mauntingi, yaani mipira inayoshikilia injini. Fungua boneti, breki ya mkono imevutwa na mguu uko kwenye breki, msaidizi aingize gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu mpaka injini iegemee, halafu arudie kwa rivasi. Usisimame mbele wala nyuma ya gari. Angalia kutoka ubavuni. Injini ikiruka zaidi ya sentimita mbili au tatu, inavuta nyaya pamoja nayo na kuchomoa gia. Boliti zinazounganisha giaboksi na injini nazo zikazwe. Zikilegea, shafti inakaa mshazari.

Yote hayo yakiwa sawa, basi ni ndani: goroli na springi zinazoshikilia reli ya gia zimechoka, uma wa gia umelika, meno ya kushikia yamekuwa mviringo, au beringi zimelegea na shafti inasogea mbele na nyuma. Uma hulika haraka kwa dereva anayepumzisha mkono juu ya mkono wa gia safari nzima. Uzito wa kiganja unatosha kuusugua uma kwenye kola inayozunguka.

Gia imeingia, gari haliendi

Mara nyingi hii si giaboksi, ni klachi inayoteleza. Kwenye gia ya nne, mizunguko karibu 2,000, kanyaga mafuta yote kwenye barabara tupu. Injini ikipanda kwa kelele na kasi isifuate, sahani imekwisha, mlegezo haupo, au oili imelowesha klachi kutoka sili ya nyuma ya injini au sili ya shafti ya giaboksi. Ikilowa, kuiosha kwa petroli ni kupoteza muda. Badilisha, na sili iliyovuja pamoja nayo.

Sauti

Washa injini, nyutro, klachi imeachiwa. Mvumo unaopotea ukikanyaga klachi ni beringi za shafti ya kuingilia. Mlio unaotokea ukikanyaga ni beringi ya klachi. Mlio unaosikika tu klachi ikiwa imekanyagwa na gia imeingizwa, gari limesimama, ni ile beringi ndogo ya kwenye flaiwili. Kugongagonga kwa chuma injini ikiunguruma bila mwendo, na kishindo wakati wa kuizima, kwenye magari yenye flaiwili ya vipande viwili, ni flaiwili yenyewe.

Rivasi inayogoma, na gia iliyokwama

Rivasi isiyoingia mara moja moja huwa ni meno yaliyokutana ncha. Ingiza ya kwanza, toa, kisha rivasi. Isipoingia kamwe, kagua pete ya kuinua chini ya kichwa cha mkono wa gia na kiwaya chake.

Gia iliyokwama isitolewe kwa nguvu. Zima injini, kanyaga klachi, msaidizi alisukume gari mbele na nyuma kidogo huku ukivuta mkono taratibu. Meno yakipunguziwa mzigo yataachia. Mkono ukiwa mwepesi kabisa bila kugusa kitu, ni waya. Gari likiwa limeng'ang'ania gia mbili kwa pamoja na magurudumu hayazunguki hata klachi ikikanyagwa, kufuli la ndani linalozuia uma mbili kusogea pamoja limevunjika, na hapo giaboksi inafunguliwa.

Ikishuka kweli

Badilisha kwa pamoja sahani, presha pleti (bati linaloibana sahani), beringi ya klachi, beringi ndogo ya flaiwili kama ipo, na sili mbili: ya nyuma ya injini na ya shafti. Gharama kubwa ni kazi ya kushusha, na hakuna anayetaka kuirudia kwa ajili ya sili. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo sana, kisha sahani ipitishwe juu yake na grisi iliyosukumwa ifutwe. Inayobaki itarukia kwenye sahani.

Kama pete zinachunguzwa, bana pete kwenye koni yake kwa vidole na uizungushe: nzuri inashika, iliyolika inateleza. Pima pengo kati ya pete na meno ya gia kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) sehemu tatu. Kikomo hutofautiana kati ya milimita 0.4 na 0.8 kulingana na giaboksi, kwa hiyo kitabu kiwe mezani. Kabla ya kuirudisha kwenye gari, ingiza kila gia kwa mkono ikiwa bado juu ya meza huku ukizungusha shafti ya kuingilia, na uhakikishe shafti ya kutokea inafuata kwa uwiano tofauti kila mara. Gia inayogoma mezani haitalainika ikipandishwa garini.